Korosho za Kona ya Nne

Kibondo ya miaka ile, ukimtafuta Asia binti Khatibu hukuwa na haja ya kuuliza nyumba. Uliuliza mifarishi. Hata mtoto aliyetumwa chumvi angekuonyesha: pita soko, shuka kidogo, mlango wa buluu uliopauka, sikiliza mtu anayekohoa vumbi la pamba.

Mfarishi, kwa asiyeujua, ni nguo mbili zilizokumbatia pamba, zikapigwa bandi kwa mkono mpaka zikawa kitu kimoja kizito cha kujifunikia. Na ile ni nchi ya milima, jamani. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ukitoa pumzi unaiona. Mfarishi mmoja ulikuwa heshima ya nyumba.

Baba yake Asia, mzee Khatibu, alipanda kutoka Ujiji na mizigo ya chumvi, akaoa Muha wa Kitahana, akabaki. Kazi ya mifarishi Asia aliipata kwa shangazi yake wa Ujiji, mama mkali aliyekuwa akimfinya sikio kila alipokosea. "Katikati kila mtu anaweza," shangazi alikuwa akisema. "Kona ndiyo inayomtaja fundi."

Nawaeleza hiyo kona mapema, maana habari yote imelala hapo. Kitambaa cha katikati kinaweza kuwa cheupe, basi. Lakini ukingo unaozunguka hukatwa kwenye pindo la khanga, na pindo zuri la zamani lilikuwa la michoro ya korosho. Korosho ina kichwa na mkia, nayo imelalia upande. Ukifika kwenye kona, pindo la huku na pindo la kule yanakatwa mshazari yakaungana. Ukikata sawa, korosho mbili zinainamiana kama watu wanaoamkiana. Ukikosea, zinapeana mgongo, na mgeni akiingia chumbani jicho lake linakwenda pale pale kwenye ugomvi.

Kona za Asia hazikugombana. Mumewe, Abdalah, alikuwa akimtania kwamba korosho zake zina adabu kuliko mashemeji zake. Abdalah alikufa kwa homa mwaka wa sitini na nane, akamwachia mkasi mzuri na blanketi moja la kijivu lenye mstari mwekundu. Watoto walipata wawili, na wote wawili waliwazika kabla hawajaota meno. Kwa hiyo Asia alikuwa mshona mifarishi ya watu, na mwenyewe alilala na blanketi la marehemu.

Mwaka wa sabini na mbili, mwezi wa tano, Bi Zena alikuja kutoka Kasulu. Mumewe alikuwa na duka pale, na binti yao alikuwa anaolewa. Alifungua furushi akatoa khanga moja ya korosho nyekundu juu ya weusi.

"Hii nilifungwa siku niliyomzaa," alisema Zena. "Mwenzake ilikwisha kwa kubebea mtoto. Madukani haipo tena, nimeuliza mpaka Kigoma. Nataka mfarishi wa harusi, Asia. Tena uje mwenyewe umtandikie bibi harusi kitanda. Na kona, tafadhali. Ule wa dada yake tulimpa fundi mwingine, kona zikawa kama wake wenza. Wageni walicheka kwenye viganja."

"Za kwangu hazichekwi, Bi Zena."

"Ndiyo maana nimepanda basi."

Khanga ile ilitosha pande nne barabara, bila kipande cha kukosea. Asia alianza kama alivyofundishwa, katikati ya kila upande, akaelekea pembeni. Kona ya kwanza zikainamiana. Ya pili vilevile. Ya tatu akaitazama kwa mbali, akacheka peke yake.

Siku alipokata kwa ajili ya kona ya nne ndiyo siku malori yalipoanza kuingia Kibondo.

Walikuwa watu waliovuka mpaka kutoka Burundi. Walishuka kwenye uwanja wa karibu na soko wakiwa kimya kabisa, na kimya cha watu wengi kiasi kile kinatisha kuliko mayowe. Asia alikuwa na mkasi mkononi na macho dirishani. Ili kukata vipande viwili vitakavyokutana, unalaza nguo uso kwa uso, mkasi upite mara moja. Asia alikata kimoja, akamtazama mzee mmoja akisaidiwa kushuka, akakata cha pili bila kukigeuza. Alipoviweka pamoja, korosho zilipeana mgongo.

Alivigeuza hivi, akavigeuza vile. Nguo iliyokatwa haisikii kuombwa.

Jirani yake, Mwamvua, muuza maandazi mwenye mdomo usiofungwa, alimkuta amekaa chini. "Shoga, kuna msiba?"

"Nimekata vibaya."

"Aa! Mimi nilidhani kuna maiti. Inuka tukawapikie uji wale watu, wana watoto."

Wakaenda. Na sasa nisimpambe Asia. Alibeba sufuria, alimimina, aliwapa pole kwa Kiha cha mama yake, nao wakamwitikia kwa Kirundi wakaelewana. Lakini macho ya fundi hayana haya. Mbele yake alisimama mwanamke kijana na kikombe, midomo imepasuka kwa baridi, mtoto mgongoni, na Asia hakuuona uso wake. Aliona alichombebea mtoto. Korosho nyekundu juu ya weusi.

Mwanamke yule aliitwa Ernesta. Mtoto alikuwa wa kike, wa miezi minane, anakohoa kama mbuzi.

"Khanga yako hii," Asia alisema, "nikupe nini?"

"Hii hapana, mama. Ni ingobyi ya mtoto," Ernesta alisema, akaishika ile mbeleko kwa mikono miwili. "Na mwenzake anayo baba yake. Tulipotawanyika mtoni, pale mpakani, aliigawa doti. Alisema: wewe jifunge hii, mimi nitajifunga ile. Hata nyuso zikibadilika kwa njaa, tutajuana kwa nguo."

"Anaitwa nani?"

"Leonidasi." Akageuka kidogo, akaonyesha korosho moja karibu na kona, imetiwa kiraka cha uzi wa buluu. "Hapa aliichoma kwa kiko chake, akaishona mwenyewe. Ona anavyoshona vibaya." Akatabasamu, kwa mara ya kwanza labda tangu mtoni.

Asia alirudi nyumbani. Kesho yake alikwenda tena, na safari hii alibeba blanketi la Abdalah.

"Sikununui khanga," alisema. "Niazime. Nikate kipande cha kiganja tu, pembeni, nikushonee ukingo usifumuke. Kesho asubuhi nakurudishia. Na hili blanketi likae kwako rehani. Mfunike mtoto. Khanga haizuii baridi ya huku, mwanangu."

Ernesta alimtazama mtoto. Alikuwa amekohoa usiku kucha. Alifungua fundo la kifuani taratibu, kama mtu anayefungua mlango asiotaka kuufungua.

"Kesho asubuhi, mama."

"Kesho asubuhi."

Asia alikata kipande chake cha kiganja, akashona kona ya nne, na korosho ziliinamiana. Lakini alipoutandaza mfarishi kwenye mwanga, aliziona rangi. Khanga ya Zena ilikaa sandukuni miaka kumi na minane. Wekundu wake ulikuwa wa damu mbichi. Ya Ernesta ilifuliwa mitoni na kuanikwa majanini; wekundu wake ulikuwa wa tofali. Kona tatu za damu, moja ya tofali. Zilisalimiana vizuri, ila moja ilionekana maskini.

Nani angeona? Zena angeona. Na Asia mwenyewe angeona, hata akifumba macho.

Zote nne zikiwa za tofali, ingeonekana ndivyo ilivyokusudiwa. Alilijua hilo kabla hajajiruhusu kulijua. Asubuhi iliyofuata hakwenda uwanjani. Alifumua kona tatu nzima, akakata pindo la Ernesta upande huu na upande ule. Ya mwisho ilikuwa na shida: korosho pekee iliyobaki ikilalia upande unaotakiwa ni ile ya uzi wa buluu. Akaitumia. Kwa mbali haikuonekana.

Kazi ile ilichukua siku mbili. Siku ya pili alasiri Mwamvua aliingia bila hodi.

"Malori yamewachukua wale wa uwanjani. Wanapelekwa upande wa Tabora, porini, wakapewe mashamba. Kuna mmoja alinipigia kelele kutoka juu ya lori, ana blanketi kama la marehemu shemeji. Anasema: mwambie mama wa mifarishi aitundike khanga yangu mlangoni kwake, baba wa mtoto akipita ataiona. Khanga gani hiyo, shoga?"

Asia alikuwa amekalia kilichobaki. Kitambaa cha katikati, mapindo yote yameondoka, kama mtu aliyenyolewa nywele na nyusi.

"Sijui," alisema. "Labda amenifananisha."

Kesho yake alikitundika mlangoni. Mwamvua akapita na karai la maandazi: "Siku hizi unaanika dekio mbele ya wageni?" Jioni Asia alikitoa.

Mfarishi alimpa kondakta wa basi aupeleke Kasulu. Wiki moja baadaye Zena alituma salamu: wanawake wa mtaa mzima wamekuja kuona kona, na mfarishi unaanikwa uani kila siku, kila apitaye auone. Sikuwahi kusikia kwamba Asia alifurahi kama siku ile. Alimsomea Mwamvua salamu zile mara mbili, ingawa zilikuja kwa mdomo.

Harusi ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa saba. Asia alifika Kasulu na mafuta nyweleni, na Zena alimpokea kwa vigelegele, akamkalisha, akampa chai ya tangawizi. Halafu akakumbuka kitu, akaingia ndani, akatoka na khanga iliyokunjwa.

Korosho nyekundu juu ya weusi. Nzima. Mapindo yote manne.

"Mzigo wako," Zena alisema. "Ameuacha mkimbizi mmoja, juzi. Alipita hapo nje akauona mfarishi kwenye kamba. Akaingia uani bila hodi, nikataka kupiga kelele. Lakini hakugusa kitu, alikuwa anatazama kona moja tu. Akaniuliza nguo hii imetoka wapi. Nikamwambia ulivyoniambia, kwamba khanga ya kona ulinunua Ujiji."

Ndiyo, hivyo ndivyo Asia alivyokuwa amemwagiza kondakta aseme. Hakutaka Zena ajue kwamba kona za bibi harusi zimetoka mgongoni mwa mkimbizi.

"Akasemaje?"

"Akasema haikutoka Ujiji. Akaonyesha uzi wa buluu, mimi hata sijawahi kuuona. Akasema, 'Hapa nimeshona mimi. Mama hafunguliwi mbeleko akiwa hai.' Nikamwambia keti, baba, unywe maji. Hakuketi. Akavua hii begani, akasema, 'Mpeni aliyeshona. Ile anayo, achukue na hii. Doti haitengani.'"

Chai ilikuwa imemmwagikia Asia pajani, naye hakuisikia.

"Amekwenda wapi, Bi Zena?"

"Alipotoka. Mtoni. Watu wote wanakuja huku, yeye peke yake anakwenda kule. Mume wangu Abdulrahmani alimfuata mpaka barabarani akamwambia, bwana, kule wanaua. Akajibu kwamba anajua."

Asia aliondoka na mafuta yake nyweleni. Alitembea njia ya mpakani mpaka jua likazama, akiuliza kila aliyekutana naye, na wote walikuwa wanakuja upande wake. Mtu wa namna hiyo? Tulimwona jana. Hakuwa na mzigo. Tulimwita, hakugeuka.

Alirudi. Harusi haikumsubiri mtu, na aliahidi kutandika. Basi alitandika. Alinyoosha kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, ile ya uzi wa buluu, alipoifikia, wanawake waliona fundi amepiga magoti kitandani hasogei, wakadhani anamwombea bibi harusi dua. Wakaitikia amina.

Aliporudi Kibondo aliitundika khanga ya Leonidasi mlangoni, kamili, kila siku ya Mungu. Ilikuwa nusu isiyo yenyewe, lakini ndiyo nusu aliyokuwa nayo. Aliuliza madereva wa malori kuhusu Ernesta mwenye mtoto wa kike. Wakamwambia huko porini kuna maelfu, na huwezi kuingia bila kibali. Na nisimfiche: kuna siku aliuliza kwa sauti ndogo, akashukuru kutojibiwa.

Mwaka wa sabini na nne watu wa Kitahana walipohamishwa kupelekwa vijiji vya ujamaa, kiongozi mmoja wa mgambo alisimama mlangoni pake. "Mama, hii bendera ya nchi gani?"

"Ya mtu mmoja," Asia alimjibu.

Mwamvua aliipenda sana hiyo. Tangu siku hiyo kila asubuhi: "Bendera imepandishwa, shoga?" Maana mpaka hapo Asia hakuwa amemwambia mtu. Mifarishi aliendelea kushona, kwa kuwa lazima ale, lakini wateja wakaanza kunung'unika kwamba mama siku hizi anatumia ukingo mweupe mtupu, ukingo usio na maua wala korosho. Kona zisizo na kitu cha kukutana. Wengine wakaacha kuja.

Ernesta alikuja mwaka wa sabini na tano, mwezi wa sita, asubuhi ya ukungu. Asia alikuwa ndani anachambua pamba. Alisikia hatua zikisimama mlangoni, kisha nguo ikichezewa. Akainua macho. Mwanamke mwembamba alikuwa ameshika pindo la khanga, analipitisha vidoleni korosho moja baada ya nyingine, haraka, kama anayetafuta chawa. Alilizungusha lote. Akalizungusha tena. Pembeni yake mtoto wa kike wa miaka karibu minne, mnene, ananyonya muwa.

"Hakuna uzi wa buluu," mwanamke alisema. Sauti ilimpanda. "Hii siyo yangu. Ni yake! Amefika! Mama, alifika!" Akamvuta mtoto mkono. "Njoo, njoo umwamkie baba yako. Yuko ndani, mama? Au amekwenda shamba?"

Akaingia akichungulia nyuma ya pazia, uso wake umefunguka wote, kama mtu anayecheza na mtoto mchezo wa kujificha.

Asia aliweka pamba chini. "Keti, mwanangu."

"Nitaketi nikimwona."

"Keti."

Kuna namna ya kuambiwa keti ambayo mtu akiisikia anajua. Ernesta aliketi. Asia akamwambia. Hakupunguza. Alimwambia kiganja kimoja kilivyokuwa vinne, habari ya wekundu wa damu na wekundu wa tofali, habari ya Ujiji, ya uani Kasulu, ya yule aliyekwenda mtoni peke yake wakati watu wote wanakuja. Alimwambia maneno ya Leonidasi kama alivyopewa: mama hafunguliwi mbeleko akiwa hai.

Mtoto alimaliza muwa, akaanza kupanga vitambaa sakafuni.

Ernesta hakulia wala hakutukana. Asia alikuwa amejiandaa kwa matusi miaka mitatu, na sasa hakuwa na pa kuyaweka maandalizi yake. Mwishowe Ernesta alifungua kikapu chake, akatoa blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Lilikuwa limefuliwa na kukunjwa vizuri, limeliwa na moto kidogo pembeni.

"Nilikuja kurudisha hili. Lilikuwa rehani."

"Kaa nalo, Ernesta. Nakuomba. Mtoto..."

"Lilimponya," Ernesta alisema. "Wenzake wengi walikufa njiani. Huyu alipona kwa hili. Nilitaka uje umwone." Akaliweka mkekani kati yao. Akasimama, akaenda mlangoni, akaitungua khanga. Akaikunja mara moja, akasita.

"Na kona zako, mama? Zilikutana?"

Asia aliufikiria uongo, akakuta hana tena.

"Zilikutana."

Ernesta aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imenyesha nchi ya mbali. Akamwinamia mtoto, akampandisha mgongoni, akamfunga kwa khanga ya baba yake. Mtoto alikuwa mkubwa mno kubebwa. Miguu yake ilining'inia mpaka magotini mwa mama, na alilalamika kwamba anaweza kutembea. Wakaingia kwenye ukungu, upande wa barabara ya kuelekea mpakani au ya kurudi Tabora, Asia hakujua, maana hakuthubutu kutoka kutazama.

Alikaa na blanketi mbele yake. Halikuwa mbali, lakini hakulishika.

Baada ya muda karai la maandazi lilipita dirishani, na sauti ya Mwamvua ikapenya kwa uchangamfu wake ule ule: "Shoga! Leo bendera yako iko wapi?"